Kadi ya Harusi Isiyo na Bibi Harusi

Najua ulivyolitupa gazeti wiki iliyopita, msomaji, ukamlaani mwandishi pamoja na ukoo wake. Haya, liokote. Apolinaria bado amesimama palepale tulipomwacha, nyuma ya meza ya duka lake la kuchapa na kutoa kopi pale Ipuli, mjini Tabora. Karatasi ya moto kutoka kwenye printa iko mkononi mwake, na mlangoni kuna kivuli cha mwanamume.

Karatasi yenyewe ni kadi ya mchango wa harusi. Juu ina maua na pete mbili. Katikati lipo jina la mwalikwa. Chini kabisa, mahali palipotakiwa kuwa peupe patupu, pamejaa herufi zisizosomeka, kama kuku aliyekanyaga wino akapita. Na katikati ya uchafu ule kuna maneno yanayosomeka vizuri kabisa:

*Getruda, darasa la pili. Mlezi: Apolinaria, mama mkubwa. Anahamia Ulyankulu, Barabara ya*

Hapo yakakatika. Kilichofuata ni takataka tena.

Barua ile ya kumhamisha mtoto shule aliiandika mwenyewe, akaichapa mwenyewe, akaifuta mwenyewe kwenye kompyuta. Hakumwonyesha mtu. Sasa imeingiaje kwenye kadi ya harusi ya watu asiowajua?

Kwa wewe uliyedandia hadithi njiani, Getruda ni mtoto wa Recheli, na Recheli ni mdogo wake Apolinaria. Recheli alikuwa mpishi kwenye yadi ya malori ya tajiri Wenceslaus. Alimsikia kwa masikio yake tajiri huyo akiagiza nyumba ya Renatus, askari wa misitu, itiwe moto. Renatus alifia ndani. Jumatatu Recheli anatakiwa kusimama mbele ya hakimu na kuyasema aliyoyasikia. Watu wa Wenceslaus wanamsaka, na wakimpata kabla ya Jumatatu, kesi itakufa na shahidi atakufa nayo.

Ndiyo maana Apolinaria alimficha Ulyankulu.

"Hodi humu ndani!" kivuli kilisema.

Aliikunja karatasi upesi, akaichomeka kifuani ndani ya gauni.

"Karibu."

Aliyeingia alikuwa Nasri, yule aliyejitambulisha jana kuwa katibu wa kamati ya harusi. Shati jeupe, manukato yaliyotangulia mbele yake, na Kiswahili cha mtu aliyekulia Dar. Jana alimtumia Apolinaria kadi kwa simu, akamwomba ajaze majina ya waalikwa, aihifadhi, halafu amrudishie kwa simu hiyohiyo. Kazi ya kawaida kabisa. Msimu wa mavuno ukipita, Tabora nzima inaoa, na kila kamati ina katibu wake na kadi zake.

"Mambo vipi sista? Zile kadi ulizonirudishia jana, kazi safi sana. Ila kuna moja imekatika."

"Imekatika wapi?"

"Mwishoni. Maneno hayajaisha."

Alitabasamu. Apolinaria aliiona karatasi ikimuunguza kifuani, ingawa ilikuwa imeshapoa.

"Ifungue tena hapo, sista. Weka jina lingine, lolote lile. Hifadhi, nirushie. Dakika moja tu naenda zangu."

"Nina kompyuta nyingine kule nyuma, ni mpya, ngoja nika..."

"Hiihii."

"Ile ina kasi zaidi, kaka."

"Nimesema hiihii, sista."

Hakupaza sauti. Angepaza, pengine Apolinaria angeogopa kidogo. Alilisema taratibu, kama mtu anayemwonyesha muuza nyama kipande anachokitaka.

Apolinaria akatafuta la kusema. "Kadi yenyewe mbona haina jina la bibi harusi?"

"Bibi harusi?" Nasri alicheka. "Bibi harusi bado tunamtafuta."

Apolinaria hakujua kompyuta inavujaje. Lakini jambo moja alilielewa bila kufundishwa na mtu: mtu huyu amekuja kuchukua neno lililobaki. Ulyankulu ni kubwa, na barabara zake zinaitwa kwa namba tangu enzi za wakimbizi wa Burundi wa mwaka sabini na mbili. Bila namba, utamtafuta mtu mpaka nywele ziote mvi. Ukiwa nayo, unauliza nyumba mbili tu.

"Mashine imegoma," alisema. "Tangu asubuhi inakwamakwama. Ngoja nimwite fundi."

"Mwite. Mimi sina haraka."

Akaketi kwenye benchi la wateja. Akanyoosha miguu, na miguu ile ikauziba mlango.

Fundi aliyeitwa ni Parvez, mtoto wa Bi Rehmat mwenye duka la vitambaa mjini. Alizaliwa Tabora, babu yake alizaliwa Tabora, na alikulia nyuma ya kaunta akiwapimia wakulima khanga na mashuka. Kinyamwezi chake kinawaaibisha Wanyamwezi wengi wa siku hizi. Alifika na pikipiki yake, akairuka miguu ya Nasri bila kujali, akamtazama Apolinaria usoni.

"Dada Apo, vipi? Unaumwa?"

Apolinaria akamjibu kwa Kinyamwezi. Nami nitakupa kwa Kiswahili, maana mhariri wangu ni mtu wa Tanga na ananilalamikia vya kutosha.

"Usigeuke," alisema. "Yule nyuma yako ni mtu mbaya. Jifanye unatengeneza mashine."

Haya ndiyo maisha ya mji wetu. Mgeni akiwa dukani na una siri, unahamia lugha ya nyumbani, na mambo yanakwisha. Mama zetu walifanya hivyo mbele ya walimu wetu, na sisi tunafanya hivyo mbele ya watu wa Dar. Nasri hata hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Parvez aliinama juu ya kibodi. Apolinaria akamchomolea ile karatasi, akamwekea chini ya meza.

Aliisoma. Akaisoma tena. Rangi ikampotea usoni.

"Hii barua ulikuwa umeifungua kwenye programu hiihii ya kusomea nyaraka?"

"Humohumo. Ila niliifuta!"

"Uliifuta kwenye faili. Programu uliifunga? Mashine uliizima?"

Mashine ya Apolinaria haizimwi. Jioni huilaza tu, asubuhi huiamsha, kwa sababu ikizimwa kweli huchukua muda mrefu kuwaka, na wateja wanakuwa wamepanga foleni na vyeti vya kuzaliwa mkononi. Programu ya kusomea nyaraka huwa wazi tangu Jumatatu mpaka Jumatatu nyingine. Barua, vyeti, mikataba ya viwanja, kadi, vyote hupitia mlango huohuo mmoja.

"Sikiliza," Parvez alisema, vidole vikibonyeza vitu visivyo na maana ili Nasri asikie kelele za kazi. "Mwenye duka akimpimia mtu sukari kwa kopo lililokuwa na dagaa, na kopo halikupanguswa, mteja ataondoka na nini?"

"Sukari na dagaa."

"Ndicho kilichotokea. Programu yako inachota nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine ili iweke majina ya kadi, na haipangusi kwanza. Kadi hii imetengenezwa kwa ujanja, inaomba kopo kubwa kuliko inavyohitaji. Ukihifadhi, mabaki ya nyaraka ulizofungua kabla yake yanahifadhiwa pamoja nayo. Halafu wewe mwenyewe ukamtumia."

"Mimi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe, dada. Tundu hilo linajulikana. Waliotengeneza programu walishaliziba kwenye toleo jipya. Nilikwambia usasishe."

Alimwambia kweli. Na kila mashine ilipouliza, Apolinaria alibonyeza neno *Baadaye*, maana bando la intaneti lilikuwa la kazi za wateja. Nani angedhani neno lile dogo lina meno?

"Sasa anataka nini tena?" aliuliza.

"Anataka kuchota mara ya pili. Mabaki hayatoki yote kwa mkupuo mmoja. Mara ya kwanza amepata mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye neno Barabara. Namba hana."

"Uhakika?"

"Karatasi si hiyo unaiona? Hajui kama Recheli yuko Barabara ya Saba. Hata akienda, hamjui mama Consolatha anayewahifadhi, hajui kama mtoto anasoma shule ya hapohapo. Hana kitu, Parvez. Mzuie tu asichote tena."

Parvez alivuta pumzi. Akabonyeza kitufe cha kuzimia na kukishikilia. Kioo kikawa cheusi. Kisha, kwa kuhakikisha, akachomoa waya ukutani.

"Kumbukumbu yote imemwagika," alisema. "Sasa hata mimi siwezi kuitoa."

Apolinaria alihisi kama mtu aliyeteremshwa mzigo kichwani. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumkumbatia Parvez mbele ya watu na yasemwe yatakayosemwa.

Akageuka, akasema kwa Kiswahili, sauti imara, "Kaka samahani, mashine imekufa kabisa. Labda ujaribu kwingine."

Nasri aliinuka. Akajipangusa vumbi kwenye suruali. Hakuonekana kuudhika hata kidogo.

"Haina shida, sista. Nilichokuja kuchukua nimepata."

"Umepata?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, akaweka mkono kifuani kwa adabu zote.

"Wabeja," alisema.

Asante. Kwa Kinyamwezi. Kisha akaongeza sentensi nzima, kwa ulimi wa mtu aliyenyonyeshwa lugha hiyo: kwamba atawafikishia salamu wa Barabara ya Saba, na mama Consolatha hatamsahau.

Mlango ukabaki wazi. Nje gari liliwashwa. Kupitia kioo cha gari walimwona tayari ana simu sikioni, na midomo inakwenda.

Parvez alitamka neno moja la Kigujarati ambalo Bi Rehmat angempiga kwa kandambili.

Apolinaria je? Aliogopa. Sisemi alikuwa na wasiwasi, sisemi alishtuka. Aliogopa mpaka mate yakamkauka na masikio yakaanza kuvuma. Mashine ilivujisha nusu, na nusu hiyo haikutosha kumuua mtu. Nusu iliyobaki ameimwaga yeye, kwa mdomo wake, kwa lugha ya mama yake, huku mwenyewe akijiona mjanja.

"Mpigie Recheli!" Parvez alimtikisa bega. "Dada, amka! Piga!"

Alipiga. Sauti ya yule dada wa mtandao ikamjibu kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Yuleyule, na upole uleule. Akampigia mama Consolatha. Simu iliita mpaka ikakata.

Akampigia mpelelezi wa kesi.

"Niko Nzega, mama," mpelelezi alisema, na nyuma yake kulikuwa na kelele za mkutano. "Usifanye lolote peke yako. Nawapigia vijana wa Ulyankulu sasa hivi."

"Watafika lini?"

"Watafika, mama."

Watafika. Neno hilo halina saa, na Apolinaria hakulisubiri limalizike. Aliacha duka wazi, kompyuta juu ya meza, vyeti vya watu kwenye droo. Akapanda nyuma ya pikipiki ya Parvez akiwa na kandambili miguuni.

Waliukata mji wakipishana na bajaji na baiskeli za mkaa. Kisha lami ikaisha na vumbi likaanza. Upande ule wa magharibi ndiko wapagazi wa misafara walikokuwa wakielekea, pembe za ndovu mabegani wakati wa kurudi, na babu yake Apolinaria alikuwa akisema kuwa mguu wa Mnyamwezi hauijui hofu ya njia. Mjukuu wake leo anaijua. Kila gari lililotangulia mbele lilikuwa la Nasri. Walipolifikia, lilikuwa la magunia ya tumbaku, au la wanakwaya, au la mtu na mbuzi wake.

"Hatumwoni!" alipiga kelele kwenye sikio la Parvez.

"Yeye ana gari, sisi tuna pikipiki! Hatuwezi kumfikia!"

"Basi tunakwenda kufanya nini?"

Parvez aliongeza moto.

Na hapo ndipo wazo baya lilipomjia Apolinaria, likakaa. Nasri alipotoka dukani hakukimbia. Alitembea. Alikuwa akiongea na simu. Mtu anayekwenda mbali na ana haraka hukimbilia gari. Mtu ambaye tayari ana mwenzake huko anakokwenda, huyo hupiga simu tu.

Hawakuhitaji kumfikia Nasri. Nasri hakuwa akienda popote.

"Simama!" alilia. "Parvez, simama hapa, mtandao upo!"

Pikipiki iliserereka ikasimama juu ya mwinuko. Vumbi likawapita. Apolinaria alibonyeza simu, na safari hii, Mungu ni mkubwa, ikaita.

"Dada?" Sauti ya Recheli, ikihema. "Shikamoo dada. Nilikuwa shambani kwenye karanga, simu nilii..."

"Uko wapi?"

"Shambani, nakwambia. Mama Consolatha tuko naye hapa. Kuna nini?"

"Nyumbani kuna mtu?"

"Hakuna mtu. Dada, unanitisha."

"Usirudi nyumbani! Unasikia? Wanajua uliko. Msipite barabarani wewe na mama Consolatha, piteni porini, nendeni kwa mchungaji, mkae ndani mpaka polisi wafike. Sasa hivi, Recheli. Tupa jembe!"

Akasikia jembe likianguka. Akasikia mama Consolatha akiuliza, na Recheli akimjibu, na miguu ya wanawake wawili ikikanyaga majani makavu mbiombio. Wako hai. Wanakimbia, na hawako mahali wanapotafutwa. Apolinaria aliinamisha kichwa kwenye mgongo wa Parvez, machozi yakamtoka bila aibu.

"Amepona?" Parvez aliuliza.

"Amepona. Wako shambani. Hawakuwakuta."

"Alhamdulillah."

"Dada." Recheli alikuwa bado yuko hewani. Miguu ilikuwa imesimama. "Dada, sasa Getruda?"

"Getruda yuko wapi?"

"Yuko shule."

Upepo ulipita kwenye simu.

Barua haikuwa ya Recheli, msomaji. Isome tena hapo juu kama umesahau. Jina lililotoka kwenye kadi lilikuwa la mtoto.

"Wewe kimbia," Apolinaria alisema. "Usiende huko! Ndicho wanachotaka, uende huko. Mimi nampigia mwalimu."

"Ni mwanangu, dada!"

"Nampigia sasa hivi. Namba ninayo. Kimbia!"

Akakata. Namba ya mwalimu mkuu, Mwalimu Festo, aliipata siku alipoandika barua ya uhamisho. Ni mtu mwema, Mmoraviani wa kwenda ibada kila siku, na ndiye aliyempokea mtoto katikati ya muhula bila maswali mengi. Simu iliita mara moja tu.

"Haloo mama mkubwa!" Mwalimu Festo alikuwa mchangamfu kama kawaida yake. "Umesahau jambo gani tena?"

"Nimesahau? Mwalimu, sikiliza..."

"Maana punde tu umetoka kunipigia."

"Mimi? Lini?"

"Kwa ile namba yako nyingine," mwalimu aliendelea. "Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini nilikuuliza vizuri, usidhani siko makini. Ukanitajia jina lako, ukanitajia darasa, ukanitajia barua ya uhamisho ilivyoandikwa, neno kwa neno. Nikajua huyu ndiye mlezi mwenyewe, hakuna mwingine anayeijua barua ile. Mambo ya shule ni lazima tuwe waangalifu, mama, siku hizi watu si wazuri."

"Mwalimu." Sauti yake haikuwa sauti. "Mtoto yuko wapi?"

"Gari limeshamchukua, kama ulivyoagiza."

Parvez alimshika mkono asianguke.

"Lakini mmelea vizuri," Mwalimu Festo alisema, na kwenye simu ilisikika kengele ya shule na watoto wakitoka darasani wakipiga kelele. "Alikataa kabisa kupanda. Aliushika mlango wa ofisi yangu kwa mikono miwili, analia, anasema mama amemkataza kwenda na mtu asiyemjua. Ikabidi mimi mwenyewe nimbandue vidole. Nikamwambia, panda, Getruda, usiogope, ni mama yako mkubwa ndiye aliyekutumia gari."